Vidole Vilivyokataliwa na Mashine

Mama yangu ana vidole kumi kamili, na hakuna hata kimoja ambacho mashine ya kusajili laini ilikikubali. Nasema hivi mapema asije mtu akaniambia labda hakubonyeza vizuri. Alibonyeza. Nilikuwa nimesimama nyuma yake karibu na stendi ya Korogwe, jua la saa sita likitupiga utosini, na kila alipobonyeza, kile kioo kidogo kiliwaka taa nyekundu.

"Bonyeza tena, mama," alisema dada wa kusajili laini, aliyekaa chini ya mwavuli wa kampuni.

"Nimebonyeza, mwanangu."

"Kwa nguvu kidogo."

Akamfuta kidole kwa kitambaa. Akampaka mafuta. Akamtuma akanawe kwa sabuni. Tukarudia dole gumba, cha shahada, cha kati, mpaka vidole vya mwisho, mkono wa kulia na wa kushoto. Waliopanga foleni nyuma yetu wakaanza kuguna. Mwishowe mama aliificha mikono ndani ya khanga kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi, na hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Haijaisha mpaka leo.

Vidole vile vililiwa na mkonge. Tangu msichana mpaka anapata wajukuu, mama alifanya kazi korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, kabla jina hilo halijawa la ugonjwa. Alianika singa na kuzichambua kwa mikono mitupu, nyuzi za mkonge zile. Baadaye akahamia Kwamsisi, Handeni, akashika jembe. Ngozi ya vidole ikasagika mpaka ikang'aa, haina mstari hata mmoja. Kitambulisho cha taifa anacho, picha yake imo, na sura ni hiyohiyo. Lakini aliyeweka kiwango alikaa mahali penye kiyoyozi akaamua kwamba mtu ni alama za vidole. Je, siku hiyo nani alikumbuka kumpima mchambua singa? Mji huu wa Korogwe umelishwa na mikono ya namna hiyo, halafu leo mikono hiyo haitambuliki!

Laini zote za zamani zilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole, la sivyo zifungwe, na ya mama haikuwa ya anasa. Kaka yangu yuko Sauzi miaka mingi sasa. Kila simu anayonunua huibiwa, kila mara hupiga kwa namba ya kuazima, na namba moja tu iko kichwani mwake: ya mama. Yangu haijui, kwa sababu nimebadilisha laini mara nne nikikimbilia vifurushi vya bei nafuu. Mama hakubadilisha hata mara moja. Kila Idi simu yake ililia, naye alikuwa nayo mapajani tangu asubuhi.

Yule dada akanisogelea, akashusha sauti. "Mwalimu, weka chako tu. Wengi wanawafanyia wazazi wao hivyo."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa hasira inanirudia mwenyewe. Mimi nafundisha kompyuta sekondari, naishi Kilole, na wiki ileile nilikuwa nimewaambia kidato cha tatu kwamba kusajili laini ya mtu mwingine kwa kidole chako ni kosa. Nikajibu pale barabarani kama niko mbele ya ubao.

"Hapana," nikasema. "Sheria ni msumeno. Tutafuata utaratibu."

Mama akanitazama. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Utaratibu! Nilikwenda ofisi ya kampuni mara tano. Ipo fomu ya watu ambao vidole vyao havisomeki, wakaniambia, lakini kwenye tawi hili haijafunguliwa. Njoo Jumatatu. Mtandao unasumbua. Njoo mwisho wa mwezi. Hakuna aliyenitukana wala kunyanyua sauti. Walinizungusha kwa adabu mpaka laini ikafungwa. Ndipo nikanunua laini mpya, nikaisajili kwa jina langu na kwa kidole changu kilekile nilichomnyima. Kilisomeka mara ya kwanza, taa ya kijani. Nikampelekea Kwamsisi.

Aliishika, akaigeuzageuza. "Na hii kaka yako anaijua?"

Alikubali itiwe kwenye simu nyingine niliyomletea. Ile ya zamani, pamoja na laini yake iliyokufa, aliendelea kuipeleka dukani kila wiki ikachajiwe kwa sola.

Mwaka huu niliitwa kwenye semina ya walimu wa TEHAMA mjini Handeni. Mada ilikuwa viwango na ubunifu. Mwezeshaji, bwana mmoja mwenye tai, alitueleza kwamba kiwango ndicho kinachofanya vifaa vielewane hata vikitengenezwa na watu wasiojuana. Ni kweli, na mimi ndivyo ninavyofundisha. Nikanyoosha mkono nikauliza: kifaa kisipoelewana na mtu, mbovu ni yupi? Watu wakacheka, wakidhani natania. Bwana akasema ni swali zuri, atalichukua. Tukaambiwa soda ziko tayari.

Nilitoka nje, na kidole chenyewe kikapiga ile namba ya zamani ya mama. Sijui nilitaka nini. Ikaita. Akapokea mwanamume, sauti ya mtu mzima, mpole. Akasema yuko Mbeya, na laini yenye namba ile aliinunua dukani, mpya kabisa.

"Samahani, ndugu yangu," nikamwambia. "Kuna mtu amewahi kupiga akimtafuta mama yake?"

"Yupo. Siku ya Idi. Alianza na shikamoo mama, nikamwambia umekosea namba. Akapiga tena, nikamwambia hii namba ni yangu sasa. Ndipo akaniuliza, mama amefariki lini?"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Nilimpa pole."

Namba iliyompigia hakuihifadhi, na wala simlaumu. Mama yuko Kwamsisi, mzima. Juzi nimemkuta shambani anang'oa magugu kwa vidole vilevile. Huko Sauzi mwanawe ameshamwekea matanga.