Dumu Lililochelewa Kulia

Sauti iliyonishtua ilikuwa ya fimbo ikigonga dumu tupu la plastiki, na kilichonishtua hakikuwa ukali wake bali wakati wake. Nilikuwa nimesimama kwenye sinki la ofisi yetu mjini Jinja, saa nne asubuhi, nikisuuza vikombe viwili vya chai. Sauti hiyohiyo nilikwisha kuisikia mara moja, kutoka kwenye kompyuta ya kwanza, kabla sijainuka kitini. Kompyuta ya pili ilipaswa kulia papo hapo, ikakaa kimya. Nilidhani nimesahau kuiongezea sauti, nikaenda kuosha vikombe. Sasa ilikuwa inalia nyuma yangu, dakika nne baadaye, kwa bidii, kama mtu aliyefika msibani baada ya maziko na bado anapiga mayowe.

Dumu hilo lina mwenyewe. Mbale, katika mtaa ulio chini ya mlima Wanale, wakazi wa kando ya kijito hugonga madumu maji yanapopanda, ili jirani wa bondeni awahi kuwatoa watoto. Tulipotengeneza tovuti ya kuwaonya, tulimpelekea fundi cherehani mmoja mlio wa king'ora. Mama huyo, ambaye mtaa mzima humwita Hajati, aliusikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Hiyo ni gari ya wagonjwa," alisema. "Watu watatoka kuangalia nani amekufa."

Akachukua fimbo, akagonga dumu lake mbele ya simu yangu, na huo ndio mlio tuliouweka. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kipimo kilichofungwa kwenye daraja la juu hutuma kimo cha maji. Ukurasa wetu, unaoachwa wazi kutwa kwenye kompyuta ya duka la Hajati, hukiuliza kipimo habari kila baada ya sekunde kumi. Maji yakivuka alama, dumu la kompyuta hulia, naye hutoka nje kugonga la kweli.

Mtaa huo ndio ulionilea. Nilipokuwa shule ya msingi, maji yaliingia jikoni kwetu mchana kweupe, yakaondoka na sufuria, jiko na mlango. Hakufa mtu, na watu wazima walilisahau jambo hilo upesi. Mimi sikulisahau. Hadi leo mvua ikianza huwa nahesabu, bila kujua nahesabu nini. Nilipofika shahada ya uzamili, mwalimu wangu aliponiuliza kwa nini nimechagua mada ya tovuti za maonyo, nilimpa sababu tatu za kitaaluma na kumficha ya nne.

Wiki tatu kabla ya asubuhi ile, lilitoka toleo jipya la kivinjari tunachokitegemea kufungulia kurasa za mtandao. Ofisi yetu ni ya watu wachache wanaotengeneza tovuti, na kazi ya kulipima ilikuwa yangu: je, lina kasi iliyotangazwa, na je, linafuata viwango vya wavuti tulivyovitumia kujengea kurasa zetu? Niliandaa jedwali. Nilipima kila ukurasa mara kumi kwa toleo la zamani na mara kumi kwa jipya, nikifuta kumbukumbu ya kivinjari kila mara ili kisije kikajidai kuleta upesi kile kilichokuwa nacho tayari. Toleo jipya lilishinda kila mstari. Viwango nilivyovikagua kimoja kimoja vilipata alama ya ndiyo, vyote. Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza.

Mwenzangu wa meza ya pili ni Mkenya aliyeoa Jinja. Wenzetu, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya wanajeshi, humwita Afande kwa sababu tu anakizungumza bila kusita. Mimi huniita Daktari, ingawa anajua vizuri kwamba siko hata karibu na shahada hiyo.

"Daktari, umepata majibu mazuri na bado umenuna."

"Ni mazuri mno."

"Kwani ulitaka mabaya?"

"Nataka kujua wameshusha nini, Afande. Mzigo haupungui njiani bila mtu kuushusha."

"Kwetu mpakani unapungua kila siku," alisema, "na hakuna aliyemwona mtu."

Nilikishuku kivinjari kwa siku nne. Nilikishuku kwamba kinatambua kinapimwa na kujikaza, kama mfanyakazi anayemwona msimamizi akija. Niliishuku saa ya kompyuta. Nilizisoma nyaraka za viwango jioni nzima, na katika mojawapo nilikuta ibara inayokiruhusu kivinjari kupunguza kazi za ukurasa usioonekana, ulio nyuma ya kurasa nyingine, ili kuokoa nguvu za mashine. Toleo jipya lilikuwa linaitekeleza ibara hiyo kikamilifu. Niliiwekea alama ya ndiyo, nikaendelea na mstari uliofuata. Jambo hilo naliandika hapa kwa sababu nikiliacha, simulizi hii itanionyesha mwangalifu kuliko nilivyokuwa.

Mwishowe nilipendekeza toleo jipya litumike. Nilisafiri mwenyewe hadi Mbale, nikaliweka kwenye kompyuta ya Hajati kwa mikono yangu. Tuliujaribu ukurasa pamoja, tukiutazama, dumu likalia mara moja. Alifurahi, akanisogezea kiti.

"Zamani kila wingu likikaa juu ya Wanale, mimi naacha cherehani, naenda kijitoni kuangalia maji yamefika wapi kwenye ule mti tuliopaka rangi. Mara tatu, mara nne kwa siku," alisema. "Sasa nashona tu. Magoti yangu yanakuombea dua, mwanangu."

Nilipoondoka, kioo cha kompyuta yake kilikuwa kimejaa picha za mitindo ya magauni. Ukurasa wetu ulikuwa nyuma ya picha hizo.

Basi asubuhi ile ya vikombe nilikuwa naandaa picha za ripoti yangu. Nilituma kimo cha uongo ili madumu yalie. Kompyuta yenye toleo la zamani ililia. Ile yenye toleo jipya ilikuwa na jedwali langu mbele na ukurasa wa onyo nyuma, nayo ikalia ilipopenda yenyewe.

Nilimshuku Afande kwanza.

"Umeigusa mashine yangu?"

"Nimegusa chapati peke yake."

Nikaushuku mtandao, nikabadilisha waya. Nikaishuku sauti, nikatumia spika nyingine. Nilirudia jaribio nikiwa nimekaza macho kwenye ukurasa: dumu lililia bila kuchelewa. Nilirudia nikiwa nimeuficha nyuma ya jedwali: dakika tatu. Tena: dakika sita, kisha mara tatu zaidi, kila mara likichelewa. Nikautazama: papo hapo. Ilikuwa imefika saa saba nilipoelewa, na nilikaa chini. Kivinjari hakikunidanganya. Sehemu ya kasi yake kilikuwa kinaipata kwa kuzilaza kurasa ambazo hakuna anayezitazama, na kilikuwa na ruhusa, na mimi ndiye niliyeisoma ruhusa hiyo na kuiwekea alama. Katika vipimo vyangu vyote hakukuwa na hata kimoja nilichofanya bila kuuweka ukurasa mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimempima mlinzi kwa kukaa naye langoni, kisha nikaandika kwamba hasinzii.

Nilimweleza Afande. Alisikiliza bila mzaha wowote, jambo lililonitisha zaidi.

"Umempigia yule mama?"

"Bado. Nataka kuthibitisha kwamba ni kila mara."

"Imekuwa mara ngapi?"

"Sita. Lakini mashine yake si kama hii. Pengine ya kwake haifanyi hivyo. Nikimtia hofu bure, siku nyingine hataniamini."

"Ya saba unamfanyia nani, Daktari?"

Nilifanya ya saba. Nilifanya na ya nane. Nilijiambia kwamba mtafiti hazungumzi kabla ya kuwa na hakika, na sentensi hiyo ilikuwa na sura nzuri kiasi kwamba sikuishuku, mimi niliyeshuku hata saa ya kompyuta. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kumwambia mwanamke aliyeniombea dua kwamba nimemwondolea macho yake na kumpa kitu kinacholala.

Afande alitoka kwenye veranda na simu yake. Ana rafiki, dereva wa lori kutoka kwao, ambaye siku hiyo alikuwa ameegesha Mbale akisubiri mzigo. Nilimsikia akicheka naye kidogo, kisha akaacha kucheka. Alirudi akasimama mlangoni.

"Anasema mlima umejifunika. Hauonekani kabisa. Hapo mjini bado ni jua."

Nilipiga. Simu iliita mara nyingi, na nyuma ya sauti yake, alipopokea, cherehani iliendelea kidogo kabla ya kusimama.

"Mwanangu, salama?"

"Salama, Hajati. Ukurasa wa dumu unauona hapo ulipo?"

"Uko huko nyuma. Mimi naangalia gauni la bibi harusi. Kwani umeharibika?"

"Ukiwa nyuma unalala. Maji yanaweza kupanda na usilie, au ulie umechelewa. Kosa ni langu, sikuupima ukiwa nyuma. Tafadhali nenda ukauangalie ule mti. Sasa hivi."

Nilisikia redio ya jirani yake.

"Unalala tangu lini?"

"Tangu siku niliyokuja."

"Na wewe umejua lini?"

Ningeweza kusema saa saba, nilipoelewa. Ningeweza kusema sasa hivi.

"Nimeusikia ukichelewa saa nne, Hajati."

"Saa nne," alisema. "Sasa ni saa tisa, mwanangu."

Hakungoja jibu. Nilimsikia akimwambia mteja amshikie kitambaa kisiguse sakafu, kisha kitu chepesi cha plastiki kikakwaruza ukutani kikiokotwa, kisha mlango. Simu aliiacha wazi juu ya cherehani, nami sikuikata.