Germana Alivyopima Mvua ya Maombi

Kijiji kizima cha Ganako kilimjua Germana kwa jina la Mama Kopo, na yeye hakuwahi kulichukia. Kopo lenyewe, la kupimia mvua, aliachiwa na bwana shamba mmoja aliyehamishwa ghafla, miaka thelathini na moja iliyopita, siku zile Germana akiwa mke kijana mwenye mtoto mmoja mgongoni, Selestina, na ekari mbili za mahindi. "Kila siku saa tatu kamili asubuhi," bwana shamba alimwambia, "tazama maji yamefika mstari gani, andika, mwaga." Akaahidi kurudi baada ya mwezi mmoja kuchukua daftari. Hakurudi. Mwingine angeligeuza kopo lile kuwa la kupimia maziwa. Germana akaendelea kuandika.

Aliandika akiwa mjamzito, akaandika akiwa na malaria, akaandika hata asubuhi ya arusi ya Selestina huku wapishi wakimpigia kelele kwamba mchele unaungua. Watu walimcheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kupita uani kwake kuuliza kama ardhi imeshiba maji ya kutosha kupanda. Mumewe, Fabian, alipenda kusema kwamba ana mke mmoja nyumbani, na mke huyo ana kopo moja, na anayeamkiwa kwanza si yeye Fabian.

Jambo la pili watu walilolijua ni kwamba mama huyu ana imani. Bibi yake alimwita Mungu Looaa na kumwomba jua linapochomoza. Germana alimwomba kwa rozari, na kwa miaka ishirini alikuwa msomaji wa masomo kigangoni, sauti yake ikifika mpaka kwa waliokaa nje chini ya madirisha. Kopo na rozari havikuwahi kugombana kichwani mwake, mpaka Novemba iliyopita.

Siku hiyo ya Alhamisi alikuja Inosenti, mwenyekiti wa kigango, mtu mwema na mchapakazi, ila akishang'ang'ania jambo hang'oki. Alifuatana na mgeni, Mhandisi Lesiamon, aliyeacha kujenga barabara akaanza kuzunguka na projekta kuwafundisha watu kwamba sayansi imethibitisha kuwa Mungu yupo. Semina yake ilikuwa imetangazwa kwa Jumapili, baada ya misa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Selestina."

"Milele amina, mwenyekiti. Karibuni, uji bado wa moto."

Inosenti hakugusa uji. Alitaka madaftari. Mvua za kupandia zinapochelewa, kigango hutoka na msalaba na kuzunguka mashamba kikiimba litania. Je, Mama Selestina anaweza kusema maandamano hayo yamefanyika mara ngapi, na mara ngapi mvua ilinyesha kabla ya wiki kwisha? Germana akavaa miwani. Akafungua daftari moja baada ya jingine, akahesabu kwa kidole. Maandamano ishirini na matatu. Mvua ndani ya siku saba, mara kumi na tisa.

Mhandisi akaweka kikombe chini akasimama. "Zaidi ya asilimia themanini," alisema taratibu. "Mama, unajua umeshika nini? Kuna maprofesa hawana kitu kama hiki. Jumapili utasimama uwasomee watu."

Tusimfichie: kichwa kilimvimba. Miaka thelathini na moja ya kuchekwa, na sasa kopo lake limemthibitisha Mungu. Alikubali pale pale, na jioni alimwambia Fabian amnunulie kalamu mpya.

Jumamosi mchana aliketi barazani kunakili hesabu zake vizuri. Bwana shamba yule alimfundisha kupima mara mbili kabla ya kuamini, basi safari hii akasoma na maneno aliyokuwa akiyaandika pembeni mwa tarakimu. Kabla ya maandamano ya kwanza aliandika: Oldeani una kofia, siku ya pili. Kabla ya maandamano ya pili: Oldeani una kofia, siku ya tatu. Akaendelea kufunua kurasa, na kila mara kofia ilikuwepo.

Maana huku kwetu kuna jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Mlima Oldeani ukivaa mawingu siku mbili tatu mfululizo, mvua iko njiani. Na katekista wa kigango, anayeongoza maandamano, hata siku moja hakuwahi kutangaza maandamano mlima ukiwa wazi. Alisubiri kofia, ndipo akapiga kengele. Hakuwa mjanja wala mnafiki. Ilikuwa ni adabu tu, kwamba mtu hamwaibishi Mungu kwa kumwomba siku isiyofaa. Na waumini nao walianza kusafisha viatu kengele ikiwa bado haijalia.

Germana akatafuta miaka minane iliyobaki, ambayo hakuna aliyetoka na msalaba. Kofia ilionekana vilevile, na mvua ikafuata mara saba. Saba kati ya nane. Mlima ulikuwa umewashinda waumini.

Wakati huo akaingia rafiki yake Nailantei, mfugaji kutoka juu Ngorongoro, aliyekuwa akimletea maziwa na kurudi na mahindi. Germana akamuuliza kama wanawake wa kwao nao huomba mvua.

"Tunaomba sana. Tunashika majani mabichi mkononi, tunaimba. Mwaka jana tulitoka Jumanne ile kabla ya mnada."

"Na sisi tulitoka Jumanne hiyo hiyo. Sasa mvua ile ilikuwa jibu la nani?"

Nailantei akacheka. "Ilinyesha kwangu, ikanyesha kwako. Ulitaka ikuonyeshe kitambulisho?"

Nailantei alipoondoka, Germana alibaki na hofu ya kweli. Aibu ya kukosea hesabu angeivumilia. Alichoogopa ni kwamba akiuvuta uzi huu, nguo yote itafumuka, na uzeeni atabaki na kopo tupu bila Mungu. Kwa uchungu huo akafungua yale maandamano manne ambayo mvua ilikataa kuyajibu. Mojawapo yalikuwa ya mwaka ambao ng'ombe wake wawili walifia zizini. Siku sabini na moja mfululizo alikuwa ameandika sifuri.

Akazitazama zile sifuri kwa muda mrefu. Alikumbuka alivyotoka asubuhi zile, akakuta vumbi ndani ya kopo, akaandika, kisha akazungumza na Mungu. Siku nyingine alimsalimu tu. Siku ng'ombe wa pili alipokufa alimgombeza kwa sauti mpaka Fabian akatoka nje kuona kuna nini. Lakini hakukumbuka hata asubuhi moja ambayo alitoka peke yake. Akalia kidogo, halafu akasikia njaa, akapasha kiporo akala chote.

Jioni alikwenda kumweleza Inosenti kila kitu. Mwenyekiti alimsikiliza huku akikunja uso. "Mama Selestina, kesho watakuja watu mia sita. Soma kumi na tisa, hayo mengine yaache. Huo si uongo, ni kunyamaza."

"Na nisipoyaacha?"

"Basi nitatafuta msomaji mwingine. Na wa masomo ya misa pia. Pale mbele si mahali pa mtu anayeyumba."

Miaka ishirini ya kusimama pale mbele, na sasa ilikuwa imewekwa rehani. Germana akamuaga kwa heshima akarudi nyumbani.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka milangoni. Mhandisi alikuwa ameandika ukutani, kwa taa ya projekta, 19 kati ya 23, tarakimu kubwa kuliko mtu. Germana akapanda na madaftari yake kifuani. Akasoma kumi na tisa, watu wakapiga makofi. Akasubiri yaishe, kisha akasoma manne. Akasoma habari ya kofia ya Oldeani, na vicheko vya aibu vikapita kwenye mabenchi, kwa kuwa kila mtu alijijua. Akasoma saba kati ya nane. Akawaambia na habari ya Nailantei na majani yake. Inosenti alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ndugu zangu," Germana alisema, "nikikubali kwamba haya kumi na tisa yanathibitisha kuwa Mungu yupo, lazima nikubali kwamba yale manne yanathibitisha kuwa hayupo. Kipimo ni kipimo, hakichagui. Na mimi siwezi kumpa Mungu asilimia themanini."

Mhandisi akauliza, bila kejeli, "Kwa hiyo, mama, sayansi inasema hayupo?"

"Mhandisi, mdomo wa kopo langu haupiti kikombe cha chai kwa upana. Linaniambia maji ni kiasi gani. Ukiliuliza nani kayaleta, unalionea. Mimi Mungu nilimjua siku sabini na moja ambazo kopo lilikuwa na vumbi. Sikuwa na ushahidi wowote wa kumwonyesha mtu, na sikuhitaji."

Lesiamon alimtazama, akatazama zile tarakimu ukutani. Kisha akaenda mwenyewe akazima projekta. "Nikipima daraja namna nilivyopima Alhamisi," aliwaambia watu, "nitaua abiria. Mama amesema kweli."

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwenye benchi la wanawake, cha pili kikatoka nje madirishani, halafu havikuhesabika tena. Fabian, ambaye hajawahi kuimba kanisani, alikuwa amesimama juu ya benchi akipiga makofi. Germana alijawa na furaha. Akainua mkono, akasema kwamba Oldeani leo uko wazi kabisa, hauna hata uzi wa wingu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anataka kwenda kuomba siku kama hii. Akashuka, akatoka mlangoni akiimba litania, bila kugeuka kuona nani anafuata. Alipofika shamba la kwanza na kusikia itikio, alijua kwamba ni karibu kanisa zima. Waliimba kwa nguvu, jua likiwapiga utosini, na hakuna aliyetazama mlima. Inosenti alibaki kanisani na msalaba.

Jumatatu, saa tatu kasoro, watu walikuwa wameujaza ua wa Germana. Akatoka na daftari, akainama kwenye kopo, akaandika.

"Sifuri," akawaambia.

Wakafunga vizuri kanga, wakaweka kofia sawa, tayari kwenda kuomba tena. Inosenti akapenya katikati yao akiwa amebeba msalaba, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala.

"Mama Selestina," alisema, "litania ongoza wewe." Akauweka msalaba begani, akashika njia ya mashambani.