Mwendo wa Themanini na Mguu wa Mpwa Wangu

Vijana wa kijiwe cha bodaboda kule Geita waliniapia kwamba mjamzito akipakiwa kwenye pikipiki na mwendo ukavuka sitini, mtoto hubaki nyuma. Mama anatangulia, mtoto anavutwa tumboni kama gunia lililofungwa vibaya, na miguu yake inajikunja. Mmoja alidai amemwona kwa macho yake mtoto aliyezaliwa akitazama kisogoni. Niliamini kuliko nilivyoamini ubatizo wangu. Nilikuwa mchimba dhahabu niliyeishia darasa la saba, na mtu mwenye pikipiki mpya, kiti bado kina nailoni yake, haoni haja ya kuuliza maswali.

Basi nikaenda Didia kumringishia dada yangu hiyo pikipiki, na asubuhi ileile akashikwa na uchungu. Shemeji alikuwa Kishapu, mnadani na ng'ombe. Nikampakia dada, na jirani yake, mama mtu mzima, akapanda nyuma kumshikilia, tukawa mshikaki wa watu watatu kuelekea hospitali mjini. Nilikwenda arobaini. Konokono walitupita wakitupa pole ya safari.

"Wewe mdogo wangu," dada akanisemea mgongoni, "unanipeleka kujifungua au unanipeleka kuzikwa?"

"Nakulinda, dada."

"Unanilinda na nini? Kimbiza!"

Yule mama akanizaba kofi juu ya helmeti. "Kijana, kimbiza chombo! Huyu mtoto hatakusubiri wewe!"

Nikafungua mafuta. Themanini. Nyusi zangu zililala kisogoni. Tunakaribia mjini, ng'ombe wakaingia barabarani. Nikakamata breki zote mbili, na sisi watatu tukasukumwa mbele tukawa mtu mmoja. Ng'ombe wakapita taratibu, wakitutazama kama wageni wasiobisha hodi. Tukafika.

Mtoto alizaliwa mchana huo, wa kike, analia kama king'ora cha mgodi. Mguu wa kushoto ulikuwa umepinda kwa ndani, unyayo unatazama mwenzake. Nilitoka nje nikashika ukuta. Wauguzi walidhani furaha imenizidi.

Sikumwambia mtu. Mtoto akafungwa plasta, ikabadilishwa, ikabadilishwa tena, mguu ukanyooka polepole, akaanza kutembea kwa kuchechemea kidogo. Mimi kila nikitoka machimboni nilimletea viatu. Vya ngozi, raba, vyenye taa zinazowaka kisiginoni. Mzee wa Kihindi mwenye duka la viatu mjini alikuwa akiniona tu anaagiza chai, akidhani nina watoto ishirini. Na mpwa wangu kila alipokuja mbio akiita "Mjomba!", macho yangu yalikwenda kwanza chini, kwenye ule mguu.

Baadaye nilipohamia Kahama nilijiandikisha masomo ya jioni, darasa la watu wazima wenye vipara na madeni. Mwalimu wa fizikia alikuwa binti mdogo kuliko helmeti yangu. Siku ya somo la mwendo nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, mtu akibebwa kwa themanini, kitu kilichomo ndani yake kinaumia?"

"Themanini ileile, barabara imenyooka? Hapana. Mwili hauujui mwendo usiobadilika. Wewe kwenye basi huwa hulali?"

"Anakoroma!" wakadakia wa nyuma.

"Umeona? Kinachokusukuma ni mabadiliko," akaendelea. "Gari likiongeza mwendo, likishika breki. Hata kwenye kona: kipimo kinasoma hamsini ileile, lakini mwelekeo umegeuka, na mwili unahisi. Mabadiliko hayo, kwa kila sekunde, ndiyo mchapuko."

Nilitaka kusimama niimbe. Miaka yote hiyo nimebeba uongo wa kijiweni! Ila furaha yangu haikumaliza kipindi, maana nilikumbuka wale ng'ombe. Nikapiga hesabu kwenye kiganja. Kilomita themanini kwa saa ni mita ishirini na mbili na kidogo kwa sekunde. Hadi sifuri, tuseme sekunde tatu: zaidi ya mita saba kwa sekunde, kila sekunde. Karibu robo tatu ya mchapuko wa mtu anayeanguka kutoka darini. Kumbe vijana walikosea sheria tu. Mshtakiwa alibaki yuleyule: mimi na breki zangu.

Jumamosi nikaenda Didia. Dada alikuwa uani, anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Nikamwambia yote: sitini, themanini, breki, hadi zile mita saba nilimchorea chini kwa kijiti. Kisu kikasimama.

"Kwa hiyo viatu vyote vile ilikuwa faini?"

Nikafuta hesabu zangu chini kwa kiganja.

"Na mimi nawaringia majirani kwamba mwanangu ana mjomba anayempenda."

"Nampenda, dada."

"Unampenda, humtazami usoni. Unadhani hajaona? Aliniuliza mwenyewe: mama, mjomba anatafuta nini miguuni kwangu?"

Nilitamani lile shimo refu kuliko yote ya Geita linimeze na nguo zangu. Dada akarudi kwenye viazi vyake.

"Nilipopigwa ultrasaundi, daktari alinionyesha ule mguu," akasema. "Nikanyamaza kwa kuogopa midomo ya ukweni. Ulikuwa umepinda hivyohivyo kabla hujanunua hiyo pikipiki."