Bamba Juu ya Kutu

Abdulatif alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Majengo, Nyeri, na watu walimpenda kwa sababu hakuna kazi iliyowahi kumshinda. Ndiyo maana Magdaline, mkulima wa viazi kutoka Chaka, alimpelekea Landrova ya marehemu mumewe. Lilikuwa gari kuukuu, lililomzidi binti yao Wendy kwa umri, na chasisi yake, ule uti wa chuma unaobeba gari zima, ilikuwa imeanza kupasuka upande wa nyuma.

Abdulatif aliinama, akachungulia, akatangaza mbele ya mafundi wenzake, "Hii ni kazi ndogo, Mama Wendy. Nitaipiga bamba pande zote mbili. Utabeba hata mawe."

Alipoanza kugonga kwa nyundo ndipo alipojua. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu kutoka ndani, na mahali pengine nyundo iliacha tundu. Ilifaa ashushe bodi, akate sehemu yote mbovu, aweke chuma kipya. Lakini alishasema ni kazi ndogo, na wenzake walimsikia. Akaifunika kutu kwa mabamba manene, akachomelea kingo zake kwa ustadi, akapaka rangi nyeusi. Magdaline alipoipapasa ile kazi, alicheka kwa furaha.

Msimu mzima wa viazi ulipita salama. Kisha, asubuhi moja baada ya mvua, Landrova ikavunjika mgongo karibu na Kiganjo, imebeba magunia na akina mama wa kwaya waliokuwa wameomba lifti. Nyuma ikalala barabarani, gari likajiburuza hadi mtaroni. Mmoja wao, Nduta, akavunjika mkono.

Trekta ilipoivuta hadi Majengo, Abdulatif alijiandaa kutukanwa.

"Baba Safa, Mungu akubariki," Magdaline akasema, akimwita fundi kwa jina la mwanawe kama kawaida yake. "Kama si hizo vyuma zako, hii gari ingekatika vipande viwili na sisi tungezikwa. Nimesimama kanisani nikaambia watu wote. Hata jirani yangu Kinuthia ataleta gari yake."

Mafundi wakampiga Abdulatif mabegani. Yeye alikuwa ameshachungulia chini ya gari. Bamba lilikuwa zima. Kando yake, chuma cha zamani kilikuwa kimechanika kama mkate uliolowa. "Alhamdulillahi," akajibu, na neno lenyewe likamchoma mdomoni. Jioni mkewe, Mwanaisha, alimwambia jinsi alivyosifiwa kwenye kioski. Abdulatif akasingizia kichwa kinamuuma, akasukuma sahani.

Siku chache baadaye Magdaline alirudi na Nduta, aliyetaka kumshukuru fundi mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa plasta.

"Unisamehe," Nduta akasema, akinyoosha wa kushoto. "Sina namna nyingine ya kukusalimia."

Abdulatif hakuweza kuupokea. "Mama, usiniombe msamaha. Ile kutu niliiona. Nikaifunika."

Magdaline akamtazama. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Na ukapaka rangi."

Akaitikia kwa kichwa. Wenzake waliacha kugonga. Nduta akarudisha mkono wake taratibu chini ya leso.

"Mimi nimekusifu mbele ya madhabahu, Baba Safa," Magdaline akasema kwa sauti ndogo. "Sasa nitarudi pale niseme nini?" Akavuta stuli. "Toa hiyo bamba. Nataka kuona."

Abdulatif alilikata kwa grainda mbele yao wote. Kutu ikamwagika chini kama majani ya chai. Aliyafumba macho nyuma ya miwani, ijapokuwa hakuna cheche iliyomfikia.

Alishusha bodi, akaitengeneza chasisi ilivyostahili tangu mwanzo. Magdaline alikuja kila mara kukaa kwenye stuli na kutazama, bila kuzungumza naye. Gari lilipokamilika aliliendesha mwenyewe kuelekea Chaka. Kinuthia hakuleta lake. Jumapili iliyofuata, Magdaline alisimama tena kanisani akaeleza yote, na alipomtaja fundi hakumwita tena Baba Safa, alisema tu, "yule mtu wa Majengo."