Maombi ya Paroko Msaidizi

Mtaani kwetu bibi yangu aliitwa Paroko Msaidizi. Hakuna aliyethubutu kumwita hivyo akiwa karibu isipokuwa paroko mwenyewe, naye alisema kwa uchovu, si kwa utani. Mapadre walikuja wakahamishwa, yeye akabaki. Padri mpya hajafungua hata sanduku lake, bibi amekwisha kumweleza mahubiri yasizidi urefu gani, nani kwenye kwaya anaimbia puani, na ufunguo wa sakristia, chumba cha mavazi ya misa, unakaa kwa nani. Ulikaa kwake, ndani ya sidiria, na hakuna padri aliyewahi kuudai.

Alikuwa dobi wa hospitali mpaka alipostaafu. Maisha yake yalikuwa mashuka: kuloweka, kusugua, kuchemsha, kuanika, kupiga pasi, kukunja. Alipoacha mashuka ya wagonjwa akahamia vitambaa vya altare, na hapo ndipo tulipopata taabu. Maji ya kwanza ya kitambaa kilichogusa divai ya misa hayamwagwi kwenye mtaro kama maji mengine. Yanarudishwa ardhini, mahali pasipokanyagwa na watu. Yeye aliyamwaga kwenye shina la mlimau uani, na tangu hapo sisi wajukuu hatukuruhusiwa kuchuma limau bila kupiga ishara ya msalaba. Mlimau wenyewe ulizaa vibaya sana. Nilipomwambia kwamba pengine mti ule si Mkatoliki, nilikula kandambili ya mgongo.

Alitembelea pia wagonjwa majumbani. Aliingia na rozari mkononi, akavuta kiti mpaka kikagusa kitanda, na hakutoka mpaka ameimaliza yote. Wagonjwa wa mtaa wetu walipona upesi mno. Nilimwona kwa macho yangu muuza mkaa, aliyekuwa hoi bin taabani tangu asubuhi, akitokea mlango wa jikoni aliposikia kikohozi cha bibi barazani. Ila wale wasioweza kuinuka aliwaogesha, akawafulia, akawabadilishia shuka bila kuwainua kitandani, kama alivyozoea hospitalini. Hilo hakulitangaza popote, na mimi nalisema hapa kwa sababu hayupo wa kunikataza.

Nyumbani ilikuwa sala ya jioni, wote chini, magoti kwenye saruji. Rozari ikiisha yalifuata maombi. Watu wengine hapo huombea amani ya dunia. Bibi alitumia maombi kuendesha nyumba. Alifumba macho akasema, kwa sauti ya upole kabisa, tumwombee aliyekula nyama iliyofunikwa kwa sahani ya bluu, Bwana anamjua, na mimi namjua pia. Tukaitikia: ee Bwana, twakuomba utusikie. Kisha tumwombee anayejificha nyuma ya tangi la maji na sigara, ambaye ni babu, Mungu amrehemu, naye akaitikia kwa sauti kubwa kuliko sote. Lile "utusikie" bibi alilivuta. Sisi tumeshanyamaza, yeye bado anaburuta mkia wake peke yake, maana alisema Mungu asije akadhani tuna haraka.

Matokeo yake ni kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyejua kumsema mwenzake ana kwa ana. Ukiwa na neno zito na ndugu yako, unalipitisha kwa Mungu kwanza, na ndugu mwenyewe yuko palepale anakusikia.

Waliokosa hata njia hiyo ni watoto wake wawili wakubwa: Mama Mkubwa, ambaye ni mwalimu, na Mjomba, fundi cherehani. Ugomvi wao ulianzia kwenye gauni. Mjomba alimshonea dada yake huyo gauni la harusi, kazi ya kujitangazia jina, nalo lilikuwa zuri mpaka pale bibi harusi alipopiga magoti mbele ya altare. Likafumuka ubavuni, kwapani hadi kiunoni, kwa mlio uliosikika viti vya nyuma. Nje ya kanisa, mbele ya wageni wote, Mama Mkubwa akasema kaka yake amelishona akiwa amelewa. Mjomba, ambaye harufu tu ya pombe humtia chafya, alimtazama, akavingirisha utepe wake wa kupimia, akaondoka.

Hakuna bibi harusi mwingine aliyekanyaga tena dukani kwake. Jambo la ajabu ni kwamba bibi, badala ya kumkaripia Mjomba, alikwenda moja kwa moja sakristia na kuamuru mavazi yote ya mapadre yashonwe na mwanawe. Paroko wa wakati huo aliuliza kwa adabu kama nayo yatafumuka. Akaambiwa asipige magoti kwa nguvu. Basi Mjomba akaishi kwa kanzu za mapadre na majoho ya kwaya, na watu wakasema yule mama anampendelea mwanawe mlevi.

Tangu siku hiyo wale wawili hawakusemezana. Mmoja akiingia sebuleni, mwingine anakumbuka kuwa ameacha maji jikoni. Mimi nilizaliwa nikaikuta hali hiyo, nikadhani kila familia ina maji jikoni.

Bibi alipozeeka alitaka jambo moja tu: awasikie wanazungumza kabla hajafa. Alilisema waziwazi, kila jioni, mbele ya Mungu na mbele yetu. Ilipoonekana Mungu anachelewa, akaamua kusaidia kidogo. Akaanza kufa. Alilala chali, akafunga mikono kifuani, akatuma aitwe padri na mafuta ya wagonjwa, na watoto wote. Wakaja kweli, ila kwa zamu: Mama Mkubwa yuko ndani, Mjomba yuko uani anautazama mlimau, kisha wanabadilishana. Bibi alipoona hivyo aliamka akaomba chai. Mwezi uliofuata akafa tena. Padri, kijana mpole, alimweleza kwamba mafuta yale si ya kujipaka kila baada ya kuoga. Akamjibu kwamba yeye ndiye anayefua kile kitambaa cha mafuta, kwa hiyo anajua yamebaki mengi.

Kwa hiyo alipoanguka uani, karibu na beseni, hakuna aliyeshtuka sana. Tulimlaza, padri akaja akiwa na uso wa mtu aliyeitwa kuzima moto usiokuwepo. Akaanza kusali, na katikati akaruka mstari mzima. Tukamgeukia bibi tukingoja amrekebishe. Hakumrekebisha. Hapo ndipo mama yangu alipoanza kulia, na padri akarudi mwanzo, akasoma polepole, kila neno.

Padri alipoondoka tukapiga magoti kuzunguka kitanda. Sauti ya bibi ilikuwa imebaki uzi, basi Mama Mkubwa akaongoza rozari. Mjomba alifika tukiwa katikati, utepe bado shingoni, akasimama mlangoni. Nilimwangalia Mama Mkubwa kuona kama atakumbuka maji jikoni. Hakuinuka. Alimaliza rozari, akaanza maombi.

"Tumwombee fundi aliyesimama mlangoni," alisema, macho kayafumba. "Aingie, anatuzibia hewa."

Tukaitikia, na nyuma yetu ukaja ule mkia wa bibi, mwembamba, lakini mrefu kama kawaida. Mjomba akaingia, akapiga magoti kando ya kabati.

"Tumwombee mwalimu," akasema. "Aliweza kusema mbele ya watu siku ile. Apate nguvu ya kusema tena."

Tukaitikia. Mama Mkubwa alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Tumwombee bibi harusi aliyekataa kupimwa mara ya pili," alisema, "kwa sababu alikuwa hayuko peke yake ndani ya gauni. Aliogopa mama yake asije akajua. Gauni halikuwa na kosa. Fundi aliona palepale, na akamtunzia siri."

Hakuna aliyeitikia. Kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa Mama Mkubwa, mwanamume mzima mwenye mvi, alianza kuhesabu miezi kwa vidole, na mama yangu akamshika mkono akaushusha.

Bibi akafungua jicho moja.

"Nguo zako nilikuwa nafua mimi," alisema. "Vitambaa vya mwezi havikuja kwenye beseni. Nilijua kabla ya bwana harusi. Itikieni."

Tukaitikia. Lakini nakiri nilimkasirikia, pale pale, akiwa katika hali ile. Miaka yote hiyo alijua, akaacha mwanawe aitwe mlevi. Halafu nikakumbuka kanzu za mapadre, na majoho ya kwaya, na ufunguo ndani ya sidiria, na nikaona kwamba asingeweza kumsafisha mmoja bila kumvua nguo mwingine mbele ya parokia nzima. Alifanya alichoweza: alimtafutia kazi mmoja, akamfunikia mwingine, na kila jioni akawasumbua wote wawili kwa Mungu. Hasira haikunitoka yote. Hata leo haijanitoka.

Mjomba alikuwa analia bila kujificha. Alisogea kwa magoti kutoka kabatini mpaka kitandani, akafika alipo Mama Mkubwa, bega kwa bega, na utepe wake ukaangukia juu ya shuka.

"Tumwombee dada yangu," alisema.

Ee Bwana, twakuomba utusikie, tukasema sote, tukanyamaza kumsubiri bibi amalizie. Tulisubiri. Mama Mkubwa aliinua macho. Mjomba akamwangalia mama yake, kisha akalivuta yeye, taratibu, kwa sauti iliyokatika katikati, "utusikiiie," hadi mwisho, Mungu asije akadhani tuna haraka.