Picha Mbili Zilizoitwa Mzee

Shangazi yangu Tausi ana duka la steshenari pale Bunda, karibu na stendi. Anachapa, anatoa kopi, na picha za misiba anaziweka kwenye fremu. Hapendagi kusubiri, hata chai anainywa amesimama. Ndiyo maana aliipanga brauza ya kompyuta yake hivi: picha ikishamaliza kushuka, ijifungue yenyewe, asihangaike kuitafuta. Ikijifungua tu, anachapa.

Jumamosi moja, nikiwa namsaidia dukani, zilimjia picha mbili kwa imeili. Moja ilitumwa na Recho wa Kibara, ambaye baba yake alikuwa anazikwa mchana wa siku hiyo. Nyingine ilitoka Buswahili, wajukuu wa Mzee Baltazar wanamwandalia jubilei ya ndoa. Huku kwetu baba yako au babu yako ni Mzee, jina lake huliandiki ovyo. Kwa hiyo picha zote mbili zilikuwa zimeandikwa Mzee. Shangazi akazidaunlodi pamoja, akaanza na ya Recho. Ila ya Recho ilikuwa nzito na mtandao unasuasua, ya Buswahili ikaipita njiani, ikajifungua ya kwanza. Kwenye kioo akatokea mzee mwenye koti, ametulia. Shangazi hakumjua huyu wala yule. Akamchapa, akamtia kwenye fremu, akaifunga kwa kitambaa cheupe, maana picha ya marehemu haitembezwi wazi barabarani, inafunuliwa msibani. Kijana wa bodaboda anayeitwa Kwangu akaondoka nayo kwenda Kibara.

Ya pili ilipojifungua, shangazi akaichapa kama ya Buswahili, na baadaye Mzee Baltazar akaja mwenyewe kuchukua yake. Akapokea shikamoo, akapewa fremu. Akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Mwanangu, huyu siyo mimi."

Shangazi akaangalia picha, akamwangalia mzee, akakaa.

"Huyu ni marehemu wa Kibara, baba."

"Sawa. Na mimi niko wapi?"

"Uko kwenye pikipiki. Unaenda kuzikwa."

Nilidhani mzee atakasirika. Alicheka mpaka akashika meza. Shangazi hakucheka. Akampigia Kwangu, hakupokea, akiwa anaendesha hapokeagi. Ndipo shangazi akampigia Recho, akamweleza kosa lake bila kuficha, akamwomba kitambaa kisifunguliwe. Recho akasema baba yake hakuwahi kuchapwa picha nyingine, na hawatamzika mpaka sura yake ifike.

Shangazi akafunga duka, Jumamosi, watu wamejaa mlangoni. Akakodi gari la Hamduni, jirani yetu. Mzee Baltazar akaingia siti ya mbele bila kukaribishwa. Alisema hawezi kuiacha sura yake kwenye msiba wa watu, yeye akarudi nyumbani kula ugali.

Kibara tulikuta fremu iko mezani kando ya jeneza, kitambaa hakijaguswa. Shangazi akapiga magoti mbele ya Recho, akampa ile nyingine. Recho akafunua, akapangusa kioo kwa ncha ya khanga, akaangalia kwa muda.

"Ndiye," akasema. Halafu akamgeukia Mzee Baltazar. "Nawe baba, pole na safari."

"Pole na wewe, mwanangu. Nimekaa kwenye nafasi yake tangu asubuhi. Siwezi kuondoka sijamsindikiza."

Akabaki mpaka mwisho. Alitupa udongo kwa mkono mmoja, fremu yake ameibana kwapani.

Tuliporudi shangazi aliingia kwenye setingi za brauza. Akaondoa ile ya kujifungua, akawasha ya kuuliza kila faili liwekwe wapi. Siku hizi hakuna picha inayoshuka hivihivi. Kompyuta inauliza, naye anamgeukia mteja: mzee wa nani, wa kijiji gani? Kila mmoja anafunguliwa folda yake, ina jina kamili. Foleni inarefuka. Vijana wa stendi wanamtania kwamba kompyuta yake imezeeka, inahoji watu kama bibi.

Yeye hata hageuki. Anashikilia mausi, anamtazama mteja usoni.

"Kabla sijaanza," anasema, "huyu yupo hai?"