Kamba ya Eustaki na Shamba la Mteremko

Eustaki alikuwa mtu wa mistari, na asiyeamini angewauliza kuku wake. Kuku wa Eustaki walitoka bandani mmoja nyuma ya mwenzake kama wanafunzi wa gwaride, na yule wa mwisho akikosea hatua walirudi wote ndani wakaanza upya. Ugali aliuchora mistari kwanza, ndipo akaumega. Hata siku alipokwenda kumposa Jovina, alipima hatua toka mlangoni kwa mkwe mpaka kwenye kigoda, akaona kigoda kimekaa upande, akakinyoosha, ndipo akaketi. Wakwe wakatazamana. Jovina, aliyekuwa akichungulia jikoni, alicheka mpaka mboga ikaungua.

Ugonjwa huo aliupata kazini. Toka mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini, Eustaki alikuwa mshika kamba wa bwana shamba. Bwana shamba ndiye aliyesoma. Yeye alikuwa na kofia, kitabu na gari la serikali. Eustaki alikuwa na kamba. Kamba ya katani, ndefu, yenye mafundo, kila fundo shimo moja la mahindi. Mmoja anashika huku, Eustaki anashika kule, inavutwa mpaka inalia, na mahindi yanapandwa yamenyooka kama wimbo wa kanisani. Mashamba yote ya mfano toka Sumbawanga mjini kwenda Chala yalipita kwenye kiganja chake. Na yote yalitazama barabara, kwa sababu mgeni wa mkoa hashuki garini. Anachungulia dirishani, mistari inampita mmoja mmoja, anasema vizuri sana, gari linaondoka na vumbi lake.

Kazi hiyo ilikuwa na upande mwingine ambao Eustaki hakupenda kuusimulia. Yeye ndiye aliyetumwa kuwaambia akina mama waache ntumba. Hayo ni matuta ya mviringo ya Wafipa. Mvua zinapokaribia kuisha, nyasi zimefika kiunoni, mtu anakata udongo pamoja na nyasi zake, anaupindua, analaza majani tumboni mwa tuta, anafunika, anapanda maharage juu. Majani yanaozea humo kimyakimya. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, tuta linabomolewa na kutawanywa, unapandwa ulezi au mahindi, na watu wanakula. Kitabu cha bwana shamba kilisema hayo ni mambo ya kale. Siku hizi ni mstari na mbolea ya chumvichumvi. Eustaki alilipeleka neno hilo mlango kwa mlango. Mwaka mmoja alisimama kwenye shamba la mjane mmoja, Mama Adela, mpaka yule mama akayasawazisha matuta yake yote kwa jembe lake mwenyewe, maharage yakiwa yameshachipua. Mama Adela hakusema kitu. Kimya chake kilikuwa kizito hata ng'ombe wa jirani wakaacha kucheua.

Basi, ikafika miaka ile ya soko huria, serikali ikaanza kujipunguza. Kwanza ruzuku ya mbolea iliondolewa, mbolea ikabaki dukani kama picha ya ukutani, unaitazama na kwenda zako. Halafu gari la bwana shamba likalala juu ya mawe. Halafu zikaja barua, na ya Eustaki ilikuwa fupi kuliko zote. Alikwenda kurudisha kamba stoo, akakuta mtunza stoo naye amepunguzwa, hakuna wa kuipokea. Akaizungusha begani, akarudi nayo nyumbani.

Mwaka mzima alikaa. Kila asubuhi alinawa, alinyoa ndevu, alivaa koti lake la kaki na kuketi mlangoni, uso barabarani. Baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita, ile inayomfanya jogoo awike akiwa amejifunika, ilimkuta hapo hapo. Mahindi ya shambani bila mbolea yakawa ya manjano, yakazaa mahindi ya kuchezea watoto. Jovina alilima peke yake, akateka maji peke yake, akanyamaza mpaka mvua zikarudi na kufika katikati. Hapo akaja na ndoo kichwani, akasimama mbele yake akaziba barabara.

"Baba Coleta," alisema, "mimi simwogopi mwanaume asiye na kazi. Namwogopa mwanaume anayenyoa ndevu kwa ajili ya gari ambalo haliji. Maharage yakivunwa na wewe bado uko hapo mlangoni, naenda Muze kwa dada yangu, na Coleta naenda naye."

Hakupandisha sauti. Eustaki alimjua mkewe. Akipiga kelele ujue atasamehe, akisema taratibu ujue mzigo umeshafungwa.

Alikwenda kwa mama yake, Redempta, nyumba ya pili. Mwanamke yule alikuwa amebakiwa na meno mawili, na yote mawili aliyatumia kucheka watu. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba na kupangua majani ya maboga. Chini yake kulikuwa na ntumba, nyeusi, zimenona. Miaka kumi na tisa mwanamke huyo alizificha chini ya maboga, mwanawe mwenyewe akipita hapo kila siku na kitabu cha bwana shamba mdomoni. Watu wanasema maboga hayo yalifundishwa kutambaa haraka yakisikia gari.

Eustaki hakujua acheke au aone aibu. Mama yake hakumpa nafasi. Alimpa jembe na shamba la mteremko, lile la juu ya barabara, lililokuwa limelala na nyasi zake.

Alifanya kazi wiki mbili kama mtu anayefukuzwa. Kata, pindua, laza majani, funika. Ila mkono haukusahau. Alitoa kamba yake, akaivuta toka juu ya mteremko mpaka chini, akapanga matuta kwa mistari iliyonyooka, yote yakitazama barabara. Yalipendeza. Lori la mpunga likitoka Muze lilisimama, dereva akashuka kutazama, na Eustaki akajinyoosha koti. Redempta alipanda na fimbo yake akaja kuona.

"Mazuri," alisema. "Yanamsubiri nani?"

Eustaki alifungua mfuko wa mbegu. Akapanda maharage.

Maharage yalipochipua majani mawili mawili, mvua ikaja. Haikuwa mvua ya kusimuliwa kwa watoto. Barafu yake ilikuwa kama mayai ya kanga, na radi ilipiga mpaka mbuzi mmoja wa kijiji akaanza kulia kwa sauti ya mtu. Maji yalifika juu ya mteremko, yakakuta njia zimeshachongwa, pana, zimenyooka, kama vile mtu ameyatandikia. Yakashuka kwa mbio, yakabomoa matuta, yakachukua udongo, majani yaliyoanza kuoza na maharage, yakavimwaga vyote barabarani. Basi la kwenda Namanyere likanasa humo mpaka jioni. Abiria walisukuma, na wengine walifika kwao na miche ya maharage ndani ya viatu.

Kijiji kizima kilishuka kutazama. Mama Adela alikuja na khanga yake kichwani, akasimama mbele kabisa. Eustaki alimwamkia shikamoo.

"Marahaba, Bwana Kamba," alisema Mama Adela. "Leo shamba limeshuka lenyewe barabarani. Wageni hawatapinda shingo tena."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Jovina hakucheka. Alimwita Coleta wakarudi nyumbani, na Eustaki akaona kwa mbali mkewe akianua nguo kwenye kamba na kuzikunja moja moja.

Alibaki peke yake shambani. Hakuwa na la kufanya, akapanda mpaka juu na kutazama. Kwenye kona moja kulikuwa na jiwe kubwa ambalo siku ile lilimlazimisha kuipindisha kamba, jambo lililomuudhi sana. Matuta sita ya hapo yalikuwa yamelala kukingama mteremko, la chini limeziba nafasi kati ya mawili ya juu. Yalikuwa mazima. Maji yalikuja hapo, yakagonga, yakazunguka, yakagonga tena, yakachoka na kuketi. Maharage yake yalisimama yakimtazama kama hayakusikia habari za mvua.

Alikwenda nyuma ya nyumba ya mama yake. Zile za chini ya maboga nazo zilikuwa nzima, nazo zimeziba nafasi za wenzao. Alizipitia mara nyingi lakini hakupata kuzitazama. Redempta alitoka, akamkuta amechuchumaa, tope mpaka magotini.

"Miaka yote hiyo umeshika kamba unatazama barabara," alisema. "Mwenye shamba alikuwa nyuma yako."

Kesho yake Eustaki alitoka bila kunyoa. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki chache. Safari hii kamba aliilaza kukingama mlima, na kila mstari wa chini aliuanzia kwenye nafasi ya ule wa juu. Lakini kamba ndefu haivutwi na mtu mmoja. Alifunga ncha kwenye kijiti, kijiti kikang'oka. Akafunga kwenye jiwe, jiwe likabiringika. Siku ya tatu alihisi kamba imekazwa upande wa pili, akainua macho. Jovina alikuwa ameishika, mguu mmoja mbele, uso umekunjwa bado.

"Vuta," alisema Jovina. "Nguo za safari zimeloana."

Ilikuja mvua nyingine, nayo haikuwa ndogo. Asubuhi yake matuta yote yalikuwa mahali pake. Mama Adela alipita kwanza kama anayekwenda mtoni, akarudi, akapita tena. Mara ya tatu alikuja mlangoni. Alisema shamba lake nalo liko mteremkoni, na toka siku ile ya kusawazishwa udongo umekuwa ukishuka kidogo kidogo, sasa jembe linagonga jiwe.

Eustaki aliichukua kamba. Walipofika shambani alisimama nayo mkononi, hajui pa kuanzia, na kuna neno ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kulitamka kwenye shamba la mtu.

"Mama, maji yanapita wapi hapa kwako?"

Mama Adela alimtazama. Ndipo akainua mkono na kumwonyesha, huku, halafu kule kwenye mgomba, halafu pale ambapo marehemu mumewe aliwahi kuweka mawe. Alikuwa na mengi. Eustaki alisikiliza yote, ndipo wakavuta.

Baada ya hapo akaitwa na mwingine, na mwingine.

Maharage ya mteremko hayakuwa mengi, yalipandwa kwa kuchelewa. Ila wapo wanaoapa kwamba punje moja ililisha harusi. Yalipovunwa, Jovina alikwenda Muze kama alivyoapa. Alikwenda na Coleta na gunia la maharage, kubadilishana mchele na dada yake, na alisema angerudi Jumapili. Alimtafuta mumewe mlangoni ili amuage, hakumkuta. Akapanda lori.

Kwenye kona ya mteremko alimwona. Alikuwa juu, ndevu zimeota ovyo, mgongo barabarani, akimsikiliza mzee mmoja aliyekuwa akielekeza kwa fimbo mahali matuta ya mwakani yatakapokaa. Dereva alimtambua, akapiga honi ndefu. Eustaki hakugeuka. Alikuwa ameshika kamba, na mwenye shamba alikuwa hajamaliza kumwambia.